Shangazi Alisikia Kwamba Damu Yangu Ni Nyepesi

Shangazi yangu alikuwa ameshachuma matembele kabla sijashuka kwenye bodaboda. Ilikuwa likizo ya Juni mwaka 2018, siku chache baada ya Idi, nami nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwenda kupumzika kwake Korogwe, miezi tisa baada ya kufanyiwa upasuaji wa moyo. Nilimwamkia, akanishika mikono, akavigeuza viganja vyangu juu na kuvitazama kwa muda, kisha akanivuta kope la chini la jicho kwa kidole gumba. "Mwanangu, umepauka," alisema, akaingia jikoni. Majani yale aliyachemsha kwa dakika chache, akayaminya ndani ya maji yake, akachuja kwa chujio la chai na kukamulia limau, na ile rangi ya kijani kizito ikageuka kuwa wekundu mbele ya macho yangu. Kwa watu wengi wa kwetu wekundu ule ni ushahidi tosha kwamba majani hayo yanageuka damu mwilini. Nilikunywa bilauri nzima, na nyingine kabla ya kulala.

Shangazi hakufanya hivyo kwa ukaidi wala kwa kutojali maagizo ya hospitali. Wiki mbili kabla ya safari nilimweleza kwa simu, kwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, kwamba ninameza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Katika lugha yetu ya kila siku, mtu mwenye damu nyepesi ni mtu aliyepungukiwa damu: huyu ndiye anayesikia kizunguzungu akiinuka, ambaye viganja vyake ni vyeupe, na ambaye kila mama mwenye busara anajua la kumfanyia. Anampa matembele, anampa rozela, anampikia kisamvu na mchicha, anamtilia unga wa mlonge kwenye uji. Shangazi alisikia nilichosema, akakielewa kama Kiswahili kinavyokieleza, na akatenda kama mtu anayependa. Makosa yalikuwa ndani ya maneno yenyewe, na mimi niliyeyatamka sikuwahi kuyachunguza.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa natumia dawa hiyo. Nilipokuwa mtoto niliugua koo mara kwa mara, na moja ya magonjwa hayo ya koo, ambayo hayakutibiwa ipasavyo, yalinisababishia homa ya rumatiki, ugonjwa ambao huuma viungo kwa muda na kuacha kovu kwenye moyo kwa maisha yote. Kovu langu lilikuwa kwenye vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Nilifika umri wa miaka thelathini na minne nikiwa siwezi kupanda ngazi za ghorofa moja ya shule ninayofundisha bila kusimama katikati. Mwezi Septemba 2017 vali hiyo iliondolewa na nikawekewa ya bandia, ya kaboni ngumu na chuma. Vali ya namna hiyo hudumu miaka mingi sana, lakini damu inapoigusa huiona kama kitu kigeni na hutaka kuganda juu yake. Ndiyo maana mwenye nayo hana budi kumeza warfarini, dawa ya kuchelewesha damu kuganda, kila siku, maisha yake yote.

Dawa hii haina kipimo kimoja kinachomfaa kila mtu. Mmoja hutosheka na miligramu 3 kwa siku, mwingine anahitaji 8, na namna pekee ya kujua ni kupima damu mara kwa mara kwa kipimo kinachoitwa INR, ambacho huonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mimi, kwa sababu ya mahali vali yangu ilipo, nilitakiwa niwe kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo donge la damu linaweza kuota juu ya vali, likaikwamisha, au likachomoka na kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Juu ya hapo, na hasa INR inapopita 5, mtu anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani pasipo hata kuumia.

Siku ya kuruhusiwa kutoka wodini nilipewa karatasi ya maelezo ya lishe. Ilikuwa karatasi nzuri, iliyochapwa vizuri, lakini ilitaja brokoli, asparagasi na majani mengine ambayo sijawahi kuyaona sokoni Tandika, na mwishoni kabisa kulikuwa na mstari mmoja uliosema: epuka mboga za majani za kijani. Mchicha haukutajwa kwa jina, wala kisamvu, wala matembele, wala majani ya kunde. Nami kwa utii wa mgonjwa aliyeponea chupuchupu, niliacha mboga za majani kabisa. Kwa miezi minane nilikula wali, ugali, maharage, samaki, nyanya chungu na bamia, nikawa ninajisifu moyoni kwa uvumilivu wangu, huku INR yangu ikiyumba bila sababu niliyoiona: mwezi huu 2.4, mwezi ujao 4.1, kisha 2.7, kisha 3.9. Siku moja nilikula sahani ya kabichi kwenye arusi ya mwenzangu kazini, na wiki hiyo hiyo kipimo kikashuka. Nilihitimisha kwamba hata kabichi ni sumu kwangu.

Leo ninajua kwamba kule kuacha ndiko kulikoniyumbisha. Mwili usio na akiba ya vitamini K, ile ya mboga za majani inayosaidia damu kuganda, ni kama mfuko wenye sarafu chache, ambao ukiongeza au ukitoa moja tu tofauti inaonekana mara moja. Lakini wakati ule sikujua, na nilipofika Korogwe INR yangu ya mwisho ilikuwa 2.8, nikaona niko salama hadi mwisho wa likizo.

Kwa Shangazi asubuhi tulikunywa uji wenye vijiko viwili vya unga wa mlonge. Mchana ulikuwa ugali kwa kisamvu, na kisamvu chake si cha mzaha: majani yametwangwa kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu mpaka yamekuwa laini, yamechemshwa tangu asubuhi, kisha yametiwa karanga na tui zito la kwanza. Usiku ulikuwa mchicha. Katikati ya milo hiyo kulikuwa na bilauri mbili za matembele. Mimi nilisitasita siku ya kwanza, nikakumbuka ule mstari wa mwisho wa karatasi, lakini Shangazi alisema jambo ambalo lilinizidi nguvu. Alisema, "Hospitali wamekupasua, sasa sisi tukujenge." Na baada ya miezi minane ya kula bamia, mchicha wa nazi ulikuwa mtamu mno. Warfarini sikuiruka hata siku moja. Niliimeza kila jioni saa kumi na mbili, mbele ya Shangazi, tena mara nyingine nikiisukumia na ile juisi yake.

Wanaoishi na vali ya chuma wanajua kwamba ina sauti. Ni mlio mdogo mkavu, unaosikika zaidi usiku mtu akilala kwa ubavu wa kushoto, kama saa ya mkononi iliyosahauliwa chini ya mto. Miezi ya mwanzo ulininyima usingizi. Baadaye ulikuwa ndio unaonilaza. Usiku wa kumi na saba wa kukaa kwa Shangazi niliamka nikiwa nimekosa kitu, na ilinichukua muda kutambua kwamba nilichokikosa ni ile sauti. Ilikuwapo, lakini ilikuwa imefifia, imekuwa nzito, kama mtu anayebisha mlango huku mkono wake umefungwa kitambaa. Nilipoinuka kwenda uani nilihema kama nilivyokuwa nikihema kabla ya upasuaji. Nilimwamsha Shangazi. Kulipopambazuka tulikuwa tumeshafika hospitali, Tanga mjini, yeye akiwa bado amevaa kanga ya kulalia, na moja ikiwa imenifunika mimi mabegani.

INR yangu ilikuwa 1.3. Kwa maneno mengine, baada ya kumeza dawa kila siku, damu yangu ilikuwa karibu sawa na ya mtu ambaye hajameza chochote. Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kile tunachokiita eko, kilionyesha donge dogo pembezoni mwa vali. Kifuniko cha vali kilikuwa bado kinafunguka, lakini kivivu. Niliwekewa heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa dripu, na nililazwa siku kumi na moja.

Daktari wa zamu aliniuliza mara tatu kama nimeacha kumeza dawa, na sikumlaumu, kwa sababu hilo ndilo jambo analokutana nalo kila siku. Niliapa kwamba sikuacha, na niliona kwamba hakuniamini. Aliyeuliza swali jingine alikuwa muuguzi wa wodi ile, mama wa makamo aliyekuja kubadilisha dripu siku ya pili. Aliuliza, "Umekuwa ukila nini?" Nilianza kumtajia, naye akaweka dripu chini, akavuta kiti, akaniambia nianze upya tangu asubuhi ya siku ya kwanza, na kila mlo niutaje kwa kiasi. Nilipofika kwenye mlonge alitikisa kichwa. Nilipofika kwenye juisi ya matembele, Shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua punje za tasbihi, aliinua uso.

Kinachonisononesha ni kwamba mimi ni mwalimu wa Baiolojia. Nimeandika ubaoni mara nyingi kwamba vitamini K husaidia damu kuganda na kwamba hupatikana kwenye mboga za majani, na wanafunzi wangu wamelijibu swali hilo kwenye mitihani na kupata alama. Nililifahamu kama jibu la mtihani, na kamwe sikuliunganisha na sufuria iliyo jikoni wala na kidonge kilicho kwenye mkoba wangu.

Muuguzi yule alinieleza utendaji wa vitamini hiyo na wa dawa yangu kwa namna ambayo tangu hapo ninaitumia darasani. Ini hutengeneza protini kadhaa ambazo bila hizo damu haigandi, na nne kati ya hizo haziwezi kukamilika bila vitamini K. Kila mara vitamini hiyo inapofanya kazi huchakaa, na mwili huifufua ili itumike tena, kwa hiyo hata kiasi kidogo huzunguka na kutumika mara nyingi. Warfarini haiongezi maji kwenye damu wala haiipunguzi. Inachofanya ni kuzuia kule kufufuliwa. Vitamini ikichakaa hubaki imechakaa, ini hutoa protini zisizokamilika, na damu inachelewa kuganda. Lakini mtu akila rundo la majani, analeta vitamini K mpya kabisa, isiyohitaji kufufuliwa, na ini huendelea na kazi yake kama kwamba kidonge hakipo. Athari hiyo haionekani siku hiyo hiyo, kwa sababu protini za zamani zinachukua siku kadhaa kwisha na mpya kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana mtu hula leo, akajiona mzima kesho, na madhara yakamfika wiki ijayo.

Nilipopata nafuu nilisoma zaidi, na nilishangaa kuona jinsi habari hii yote ilivyoanzia kwenye chakula. Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani waliona ng'ombe wao wakivuja damu hadi kufa baada ya jeraha dogo tu, hata la kukatwa pembe, na ikabainika kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu ya aina ya klova yaliyoota ukungu. Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin waliitenga kemikali iliyohusika, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, iliyotumika kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 na kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Upande wa pili, Henrik Dam wa Denmark aliwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta, akaona wanavuja damu, na kwa njia hiyo akaigundua vitamini ambayo herufi yake, K, imetoka kwenye neno la Kidenmaki na Kijerumani la kuganda. Ng'ombe walikula wakavuja damu, vifaranga walikosa wakavuja damu. Na miaka mingi baadaye nililazwa Tanga kwa jambo lilelile likiwa limegeuzwa upande.

Nilitafuta pia viwango. Mwanamke mzima anahitaji mikrogramu 90 hivi za vitamini K kwa siku, na mwanamume 120. Gramu 100 za mchicha mbichi zina zaidi ya mikrogramu 1,000. Matembele yana 300 hivi, kabichi 76, bamia 30 hivi. Ukiziona tarakimu hizo unaelewa mara moja kwamba kabichi ya arusini haikuwa na hatia kubwa, na kwamba kuziita zote "mboga za kijani" ni kuficha tofauti iliyo kubwa kuliko ile iliyopo kati ya chai na chang'aa. Kuna na jambo la mapishi ambalo karatasi yangu haikuligusa. Mafungu matatu ya mchicha, yanayojaza beseni, yakipikwa yanalala na kuwa bakuli moja dogo, na vitamini yote imo humo, kwa sababu moto hauiharibu sana. Tena vitamini K huyeyuka kwenye mafuta, hivyo tui la nazi na karanga huurahisishia utumbo kuifyonza. Kisamvu cha Shangazi, kwa ustadi wake wote, kilikuwa kimepikwa kwa namna ambayo hakuna iliyofaa zaidi kuipindua dawa yangu.

Nilitarajia kwamba nikirudi kliniki Dar es Salaam nitaambiwa nisiguse tena mboga. Daktari wangu alisema kinyume. Aliniuliza ninapenda kula mboga kiasi gani nikiwa nyumbani, bila woga, na nikamwambia kikombe kimoja kwa siku. Akasema, "Basi kula kikombe kimoja kila siku, na sisi tutatafuta dozi inayolingana na kikombe hicho." Ilichukua wiki sita na vipimo vya kila wiki. Dozi ilipanda kutoka miligramu 5 hadi 6.5, na INR ikatulia mahali ambapo haikuwahi kutulia wakati nilipokuwa najinyima. Hili ndilo ningependa kila mgonjwa mwenzangu alisikie siku ya kwanza, kabla hajapewa karatasi yoyote: dozi inaweza kupimwa ifuate sahani yako, lakini sahani isibadilike bila kliniki kujua.

Kikombe ninachotumia ni cha kauri, chenye maua ya buluu, ambacho hakitumiki tena kwa chai. Ninakijaza mchicha uliopikwa hadi ukingoni bila kushindilia, jioni, pamoja na mlo mkuu. Siku ambayo mchicha hakuna, ninakula majani mengine ya kundi hilo. Siku ambayo pana kabichi tu, ninaila kama mboga ya kawaida bila kuihesabu sana. Ninaandika kwenye daftari la mistari, upande wa kushoto mboga niliyokula na chochote ambacho si cha kawaida, upande wa kulia INR na dozi. Mtu asiyeishi na dawa hii anaweza kuona ni mzigo. Baada ya miezi mitatu inakuwa kama kuswali au kupiga mswaki, kitu ambacho mtu hakifikirii ila pale anapokikosa.

Daftari hilo ndilo lililonisaidia Ramadhani ya mwaka 2019, nilipopata ruhusa ya daktari kufunga kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimefikiria kwamba futari ya pwani haina majani. Ilikuwa magimbi, muhogo wa nazi, tambi, maharage, tende na uji wa pilipili manga, usiku baada ya usiku, na daku nalo wali uliobaki. Kikombe changu kilikaa kabatini kwa siku kumi bila mimi kukusudia. Siku ya kumi na moja, nikipiga mswaki baada ya daku, povu lilitoka jekundu, na kwenye paja palikuwa na baka la zambarau ambalo sikukumbuka kujigonga. Nilifungua daftari, nikaona upande wa kushoto mweupe mtupu, nikaelewa. Asubuhi nilikwenda kliniki. INR ilikuwa 4.6. Niliambiwa niruke dozi moja, nirudishe kikombe changu kwenye futari, na nirudi baada ya siku nne. Dawa tangu mwanzo nilikuwa nimeihamishia baada ya Magharibi, jambo lililokuwa rahisi. Kilichohitaji kufunga safari pamoja na dawa ni mboga. Miaka iliyofuata nimekuwa nikipima siku ya tano ya mwezi mtukufu na tena baada ya Idi, kwa sababu Idi nayo inarudisha ulaji mwingine.

Ugonjwa huleta hali hiyohiyo. Mtu akiharisha au akiwa na homa, hali chakula, na kama ananunua dawa dukani bila kumwambia muuzaji kwamba anatumia warfarini, anaweza kupewa metronidazoli au kotrimoksazoli, dawa za kuua vijidudu ambazo kila moja huipandisha INR kwa nguvu, au diklofenaki na aspirini, dawa za maumivu ambazo huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Ninabeba kadi yangu inayoonyesha kwamba ninatumia warfarini hata nikienda kununua dawa ya mafua.

Kuhusu viungo, niliogopa bila sababu kwa muda. Tangawizi kwenye chai, manjano kwenye pilau la kuku, kitunguu saumu kwenye mchuzi, havijanisumbua, na daktari hakunikataza. Kinachotia wasiwasi ni vitu hivyo vikitumiwa kama dawa: mtu anayemeza punje tano za kitunguu saumu kila asubuhi kwa ajili ya presha, anayekunywa tangawizi iliyokamuliwa kwa kikombe, au anayenunua vidonge vya manjano. Hivyo huongeza uwezekano wa kuvuja damu kwa njia nyingine, nje ya vitamini K, na INR inaweza isiuonyeshe. Unga wa mlonge sikuugusa tena, kwa sababu ni majani yaliyokaushwa na kufinywa mpaka kijiko kimoja kimebeba kiganja kizima, na hakuna anayeweza kunipimia kiganja hicho kilikuwa kikubwa kiasi gani.

Jirani yangu aliyepata donge la damu mguuni alipewa rivaroxabani, mojawapo ya dawa mpya ambazo hazitegemei vitamini K, na yeye hula mchicha apendavyo bila kupima INR. Niliuliza kama ninaweza kubadilishiwa. Nilielezwa kwamba kwa wenye vali za chuma dawa hizo mpya hazifai. Utafiti wa dabigatrani, nyingine kati ya dawa hizo mpya, uliochapishwa mwaka 2013 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliokuwa wakiitumia walipata madonge na kuvuja damu zaidi ya waliobaki na warfarini. Nilikubali. Lakini hata jirani yangu ana sharti lake la chakula ambalo hakulijua hadi tulipokaa pamoja tukasoma maelezo ya dawa yake: kidonge cha miligramu 20 kinatakiwa kimezwe pamoja na mlo, la sivyo mwili haukifyonzi chote, naye alikuwa akikimeza alfajiri na maji matupu.

Shangazi alibaki na uchungu kwa muda mrefu. Siku zile za wodini hakusema kitu, alinikandia miguu tu, na niliporuhusiwa aliniomba radhi kwa namna iliyonifanya nilie, kwa sababu nilijua kwamba mwenye kuomba radhi ni mimi. Nilikaa naye barazani, nikamweleza upya kila kitu, safari hii bila kulitumia neno nyepesi hata mara moja. Nilimwambia kwamba damu yangu ni nyingi kama ya kwake, na nzito kama ya kwake. Nikachukua kisu cha jikoni nikamwonyesha: wewe ukijikata hapa damu itasimama baada ya dakika chache, yangu nayo itasimama, lakini itakawia, na madaktari wanataka ikawie kwa kiasi kilekile kila siku, isikawie zaidi wala isiwahi. Alifikiri. Akauliza, "Kwa hiyo damu yako haijapungua?"

"Haijapungua, Shangazi. Inachelewa kuganda."

"Na matembele yanaiwahisha."

"Ndiyo."

Aliinuka akaenda jikoni, akarudi na vikombe vitatu vya ukubwa tofauti, akavipanga mbele yangu kwenye mkeka na kuniambia nichague kimoja kitakachokaa kwake. Nilichagua cha katikati. Mwezi Desemba nilipokwenda tena, majirani walikuja kunijulia hali, na mmoja wao alikuwa ameleta fungu la mlonge mbichi kwa ajili ya mgonjwa. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kabla hajaketi nilimsikia akieleza kwa sauti yake ya kawaida kwamba huyu binti damu anayo ya kutosha, ila imewekewa dawa ya kuchelewa kuganda, na kwamba mboga yake hupimwa kwa kikombe.